Kesi za mbolea na ushirika: Mshitakiwa ajitetee vipi?

WAFANYABIASHARA wa pembejeo wa Mbeya na Iringa wanaijua hesabu hii kichwani. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea katika viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya. Mfuko wa kilo 50 wa Urea, ambao bei yake ilikuwa imepanda kupita shilingi 120,000, ukatangazwa kuuzwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa. Tofauti hiyo ya shilingi 50,000 na ushei kwa kila mfuko ni fedha ya serikali, na humpitia wakala mikononi.

Penye tofauti ya bei kama hiyo, na mpaka wa Tunduma ukiwa kiasi cha kilomita 100 tu kutoka Mbeya mjini, hapakosi wa kutaka kuila. Wapo wanaoila. Lakini wapo pia mawakala, makatibu wa vyama vya ushirika, watunza ghala na wahasibu wa SACCOS wanaojikuta kizimbani kwa sababu leja na mzigo havikulingana, nao hawajui pa kuanzia.

Mitaani makosa haya huitwa wizi wa kalamu. Hakuna dirisha lililovunjwa wala mlinzi aliyefungwa kamba. Kuna karatasi mbili zisizokubaliana. Utetezi wake nao ni wa karatasi, na sehemu kubwa yake huamuliwa kabla wakili hajasimama mbele ya hakimu.

Nyanda za Juu Kusini si wageni wa mashauri haya. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza kwa ukubwa msimu wa 2008/09 uliipa nafasi ya mbele mikoa inayolisha nchi kwa mahindi: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu za kutosha ekari moja, yaani mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Serikali ilichangia takribani nusu ya bei, mkulima akatoa iliyobaki, na wakala akapeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Kila vocha ilibeba sahihi au dole gumba. Hapo ndipo kesi zilipozaliwa: sahihi za marehemu, sahihi za watu waliohama kijiji, sahihi kumi za mwandiko mmoja.

Tatizo ni kwamba sahihi kumi za mwandiko mmoja zina maelezo zaidi ya moja. Zinaweza kuwa za wakala aliyeketi usiku kughushi. Zinaweza pia kuwa za mjumbe wa kamati ya kijiji aliyewasainia wazee wasiojua kuandika huku wao wenyewe wamesimama pembeni, wakaondoka na mbolea yao mabegani. Mbele ya sheria watu hawa wawili hawafanani hata kidogo, lakini kwenye jalada la mpelelezi wanafanana sana.

Jambo moja, mashitaka manne

Chukua mfano wa wakala wa Mbalizi aliyepokea mifuko 900, na ukaguzi ukaitilia shaka mifuko 300. Kwa tofauti ya shilingi 50,000 kwa mfuko, hasara inayodaiwa ni shilingi milioni 15. Kwa tukio hilo moja hati ya mashitaka inaweza kubeba kughushi, kutumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri au mkuu wa kazi chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kuisababishia mamlaka hasara, na mwishoni utakatishaji wa fedha.

Kila shitaka lina mlango wake wa kutokea, na kosa la washitakiwa wengi ni kujibu yote kwa neno moja: "Sikuiba." Kwa kughushi, upande wa mashitaka unatakiwa kuthibitisha kwamba mshitakiwa ndiye aliyetengeneza hati ya uongo, tena kwa nia ya kudanganya. Mtaalamu wa maandishi anaweza kuitwa, lakini maoni yake ni maoni, hayaifungi mahakama. Kwa nyaraka za kudanganya, lazima ionekane kuwa aliyeziwasilisha alijua zina uongo.

La hasara ndilo la kuogopwa. Katika jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, si lazima mtu awe ameweka hata senti mfukoni. Uzembe, au kushindwa kuchukua tahadhari ya kawaida kazini, kunatosha ikiwa mamlaka imepata hasara. Mtunza ghala anayeapa kwamba hakuiba, ila "alimwachia kijana funguo", anaweza kuwa anajitoa kwenye wizi na kujiingiza kwenye hasara kwa pumzi hiyo hiyo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya makosa ya uhujumu kuwa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye duka la pembejeo hiyo si adhabu ya kupigia hesabu za mtaji.

Kutoka mwaka 1983

Sheria hiyo ina historia ambayo wafanyabiashara wakongwe wa Iringa na Mbeya hawajaisahau. Machi 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kuwakamata walioitwa wahujumu uchumi. Sheria Na. 9 ya mwaka huo ilipitishwa watu wakiwa tayari ndani, ikaunda baraza maalumu la kuwahukumu. Mbele ya baraza hilo mtuhumiwa hakuruhusiwa wakili, hakuwa na haki ya dhamana, na uamuzi haukukatiwa rufaa.

Mwaka uliofuata Bunge liliifuta na kuweka Sheria Na. 13 ya 1984, ambayo ndiyo shina la Sura ya 200 ya sasa. Mashauri yakarudi mahakamani na wakili akarudi kando ya mteja wake. Hivyo haki ya kutetewa katika kesi za uchumi nchini si mapambo. Iliwahi kuondolewa, na matokeo yake yalionekana.

Sheria hiyo iliacha pia kufuli mbili ambazo wakili makini huzikagua kwanza. Kesi ya uhujumu haiendeshwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashitaka. Na kwa kuwa mwenye kesi hizo kwa asili ni Mahakama Kuu, mahakama ya wilaya au ya Hakimu Mkazi haiwezi kusikiliza bila hati inayoipa mamlaka hayo. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi kwa sababu hati hizo zilikosekana au ziliandikwa vibaya. Mshitakiwa asishangilie mapema, maana kufutwa kwa mwenendo si kuachiwa huru, na kesi inaweza kuanza upya. Tangu 2016 ipo pia Divisheni ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, iliyowekwa kwa ajili ya mashauri ya kuanzia shilingi bilioni moja, ambayo watu waliibatiza "mahakama ya mafisadi". Kesi za mbolea za kijijini hazifiki huko.

Dhamana ina bei

Katika toleo la Sura ya 200 la mwaka 2002, thamani ya shauri ikizidi shilingi milioni 10, mshitakiwa alitakiwa kuweka nusu ya thamani hiyo, kwa fedha taslimu au hati ya mali isiyohamishika, na nusu ya pili kwa dhamana ya maandishi. Wakala wa Mbalizi mwenye shauri la milioni 15 angetafuta shilingi milioni saba na nusu. Viwango vya namna hii Bunge hurekebisha, kwa hiyo ndugu wasikurupuke kuuza kiwanja kabla wakili hajathibitisha kinachotumika siku hiyo na mahakama ipi yenye mamlaka ya kutoa dhamana. Kwa mtu wa Kyela au Chunya, maombi ya Mahakama Kuu ni safari ya Mbeya mjini. Kwa wa Mufindi au Kilolo ni Iringa.

Kuna nafuu ambayo washitakiwa wengi hawaifahamu. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 250 ya mwaka 2006, ilikubali kwamba washitakiwa wakiwa zaidi ya mmoja, nusu ile wanagawana. Wawili wa milioni 15 hawaweki milioni saba na nusu kila mmoja. Kila mmoja anaweka nusu ya hiyo.

Yote hayo yanakoma shitaka la utakatishaji likiingia. Kifungu kilichojulikana kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliorodhesha makosa yasiyo na dhamana, na utakatishaji ni mojawapo. Februari 2018 Mahakama ya Rufani iliunga mkono hoja ya wakili Jeremia Mtobesya kwamba Mkurugenzi wa Mashitaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu ni kinyume cha Katiba. Matumaini yakapanda. Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ikasema orodha ya 148(5) nayo ni batili. Agosti 5, 2020 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, orodha ikabaki.

Kwa lugha ya soko, shitaka hilo moja ndilo hupanga bei ya kesi nzima. Wakala anayekaa mahabusu kuanzia Novemba amekosa msimu wa kupandia na wa kukuzia. Duka limefungwa, mkopo wa benki unaendelea kula riba, na wateja wameshahamia kwa jirani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili mara nyingi si kubishania mifuko 300, bali kuuliza: utakatishaji uko wapi katika maelezo haya? Kupata fedha ya kosa si lazima kuwe kuitakatisha. Hati ya mashitaka lazima ionyeshe kosa la msingi, kisha kitendo kingine kama kuigeuza, kuihamisha au kuificha asili yake. Wakala aliyeingiza malipo kwenye akaunti ile ile ya biashara na kulipia mzigo mwingine ana hoja ya kujenga hapo.

Waliolipa bei hiyo kwa ukamilifu hawakuwa watu wadogo. Aliyekuwa Kamishna Mkuu wa TRA, Harry Kitilya, alifikishwa mahakamani na wenzake Aprili 2016 kuhusu dola milioni sita za mkopo wa serikali kutoka Uingereza. Shitaka la utakatishaji liliwafungia dhamana. Walikaa ndani zaidi ya miaka minne, na Agosti 2020 shauri likaisha kwa makubaliano ya kukiri na kulipa shilingi bilioni 1.5.

Saa za kwanza

Mtu akiitwa TAKUKURU au polisi "kwa maelezo kidogo", maelezo hayo kidogo ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Sheria inampa haki ya kuambiwa anatuhumiwa nini, ya kuonywa kwamba halazimiki kusema, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa nne, na ukiongezwa lazima iwe kwa utaratibu.

Maelezo ya kukiri hayapokelewi kama hayakutolewa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo ni wa mashitaka. Lakini pingamizi lazima litolewe pale hati inapoletwa, kabla haijapokelewa, ili mahakama iendeshe kesi ndani ya kesi. Mshitakiwa aliyenyamaza siku hiyo akakumbuka kipigo kwenye rufaa huwa amechelewa. Wengi wa Nyanda za Juu hawapigwi wala hawatishwi. Wanasaini tu kwa adabu, kwa sababu afisa alikuwa mpole na gari la mwisho la kwenda Makambako lilikuwa linaondoka.

Mtego mwingine ni usikilizwaji wa awali. Hakimu husoma maelezo ya kesi na kumuuliza mshitakiwa yapi anayakubali. Anayoyakubali na kuyatia sahihi huhesabiwa kuwa yamethibitishwa. Asiye na wakili hukubali kwamba alikuwa wakala, kwamba alipokea mifuko 900, kwamba sahihi ya kupokelea ni yake, bila kusema kwamba gari lilifika na mifuko 840 na dereva akaahidi kurudi.

Karatasi za kutafuta

Hapo ndipo stakabadhi ya kupokelea mzigo inapokuwa mali kuliko mbolea yenyewe. Pale palipoandikwa kwa kalamu "imepungua 60", pamoja na jina na sahihi ya dereva, pana utetezi. Palipoachwa wazi kwa kuaminiana, patagharimu. Wakili atataka pia hati ya makabidhiano ya ghala, leja yenye tarehe, ankara za msambazaji, taarifa za benki, na orodha ya wakulima wenyewe. Wakulima 20 wanaokuja kusema "mbolea tuliipata, mume wangu alikuwa shamba nikasaini mimi" wana uzito kuliko hotuba yoyote, na gharama yake ni nauli.

Kwa upande wa mashitaka, ripoti ya ukaguzi haijitoshelezi. Upungufu wa hesabu unaonyesha kwamba kitu hakipo. Hauonyeshi nani alikichukua. Mkaguzi, awe wa COASCO kwa vyama vya ushirika au wa ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anaweza kuulizwa maswali: aliona leja halisi au kivuli? Alihesabu mzigo mwenyewe? Watu wangapi walikuwa na funguo? Viongozi wa AMCOS za kahawa kule Mbozi na Rungwe huchaguliwa kwa kuaminiwa zaidi kuliko kwa kujua vitabu, na mara nyingine mshitakiwa pekee ni yule aliyekuwa akishika kalamu.

Hati yoyote nayo ina njia yake ya kuingia mahakamani. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake, lililomo katika ripoti za sheria za 2003, msimamo ni kwamba hati hupokelewa kwanza ndipo isomwe; na isiposomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, mshitakiwa akabaki hajui imesema nini, huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Kwa ruzuku ya sasa inayopita kwenye mfumo wa kidijiti, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inadai ionyeshwe kwamba taarifa zilitunzwa kwa njia ya kuaminika na nani alizizalisha. Wakala ambaye namba yake ilitumiwa na vijana watatu wa dukani ana jambo la kueleza, ingawa, kama ilivyoonekana, lile la hasara litamsubiri hapo.

Nani aliruhusu ni swali lenye nguvu yake. Balozi Costa Mahalu alishitakiwa mwaka 2007 huko Kisutu kuhusu ununuzi wa jengo la ubalozi Roma. Mwaka 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipanda kizimbani kama shahidi wa utetezi, akaeleza kwamba ununuzi ulikuwa na baraka za serikali yake. Agosti mwaka huo Mahalu akaachiwa huru. Wakala wa Ilula hana Rais wa kumwita. Ana afisa kilimo wa kata aliyemwambia kwa mdomo "toa tu, majina yatakuja", na kwa kuwa ilikuwa kwa mdomo, afisa huyo akiapa hatakumbuka.

Kukiri na kulipa

Septemba 2019 Rais John Magufuli aliwapa mahabusu wa kesi za uhujumu siku saba, kisha zikaongezwa, wakiri na kurejesha fedha. Mkurugenzi wa Mashitaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitangaza kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Mwaka huo huo Bunge likaweka makubaliano ya kukiri kosa ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kanuni zake zikatoka 2021.

Kwa mwenye hatia, njia hiyo ni nafuu. Kwa asiye na hatia ni biashara mbaya inayoweza kuonekana nzuri: kulipa milioni 15 leo au kungoja miaka miwili mahabusu kwa kesi ambayo pengine atashinda. Mahakama inatakiwa kujiridhisha kwamba anakiri kwa hiari na anaelewa, lakini haimwulizi duka lake limefungwa tangu lini. Akishakiri ana kumbukumbu ya kutiwa hatiani, na mlango wa rufaa dhidi ya hatia umefungwa. Wakili hana budi kumwekea mezani hesabu zote mbili, ikiwamo ya kazi atakazozikosa baada ya hapo.

Wanunuzi wa mahindi wa Ismani na wa mpunga wa Mbarali nao huingia kwenye mkumbo huu kwa njia yao. Mtu anachukua gunia 200 kwa mali kauli, bei inaanguka, anashindwa kulipa, na wanakijiji wanampeleka polisi kwa kujipatia mali kwa udanganyifu. Deni si kosa la jinai. Mashitaka lazima yathibitishe kwamba alichokisema kilikuwa cha uongo na alijua hivyo wakati anapokea gunia. Risiti za malipo ya misimu iliyopita, na za awamu alizokwisha kulipa msimu huu, ndizo zinazoonyesha kwamba alinunua kwa nia ya kulipa.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambapo hakimu au jaji akiona haki inadai hivyo huagiza apatiwe. Maombi hayo yafanywe mapema, siyo siku ya kujitetea.

Akitiwa hatiani katika mahakama ya chini, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya hukumu. Kwenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao Mbeya na Iringa, taarifa ni ndani ya siku 30. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, hivyo mshitakiwa anaweza kuisoma hukumu yake mwenyewe. Anayetumia vitabu vya zamani aangalie namba za vifungu, maana toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2025 limezibadilisha nyingi.